Shukrani kwa Kisichokusudia

Lipo suala ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili tangu kale, na ambalo kwa maoni yangu halijafika mwisho wake: mtu anayenufaika na kitu kisicho na akili, kisichomjua wala kumkusudia, je, ana deni la shukrani juu ya kitu hicho, au shukrani ni haki ya mwenye nia peke yake? Aghalabu waliolizungumza walichukua mifano mitukufu, kama jua na mwezi na mito mikubwa, vitu ambavyo ukuu wake humtia mtu taadhima hata kabla hajafikiri. Na huenda ndiyo sababu majibu yao hayakuniridhisha, kwa kuwa mbele ya vitu vya namna hiyo ni vigumu kupambanua kama moyo unashukuru au unashangaa tu. Napenda kulipima suala hili kwa kiumbe kisichomshangaza mtu, kilicho dhalili hata wengi wapitao karibu nacho hawajui kama kina jina. Nakusudia vigoga, ile mimea midogo ya kijani inayoyafunika mashina ya miti katika misitu ya milimani, pamoja na jamaa zao wa karibu ambao wataalamu huwaita hepatiki, walio bapa zaidi na waliojilaza juu ya gome kama waliobandikwa.

Vigoga vya mahali popote vingefaa kwa mazungumzo haya, lakini vya milima ya Uluguru vina haki ya kutangulia, kwa sababu ambazo msomaji ataziona punde. Mtu anayepanda milima ile kutoka Morogoro huyaacha nyuma mashamba ya ndizi na mboga, akaingia katika msitu wa miti mirefu iliyonyooka, na akizidi kupanda mpaka yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hujikuta katika ulimwengu mwingine: miti imefupika, mashina yamepinda, matawi yameshikana, na magome hayaonekani tena, kwa kuwa kila shina na kila tawi, hata kijiti kilichokufa zamani, kimevikwa vigoga na hepatiki tabaka juu ya tabaka. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hufika hapo zikiwa zimebeba unyevu wa bahari, zikagonga mlima, zikapanda, zikapoa, na unyevu wake ukageuka ukungu ambao huzunguka baina ya miti hata katika siku zisizo na tone la mvua. Ukungu huo ndio riziki ya viumbe ninavyovizungumzia.

Na namna vinavyoipokea riziki hiyo yastahili kutazamwa kwa makini. Kigoga hakina mizizi. Kina vijinywele vyembamba ambavyo kazi yake ni kushika gome, si kufyonza. Na kwa hivyo, ijapokuwa kinaishi juu ya mti maisha yake yote, hakiuli mti, wala hakifanani na ile mimea nyonyaji ambayo hutoboa gome la mwenyeji wake na kujitilia utomvu wake. Majani yake aghalabu yana unene wa seli moja tu, hayana ngozi ya kuzuia maji, na maji ya mvua na ya ukungu, pamoja na madini kidogo yanayoletwa na vumbi la angani, hupenya ndani yake moja kwa moja. Lakini kisichoweza kuzuia maji kuingia hakiwezi pia kuyazuia kutoka: hewa ikikauka, kigoga nacho hukauka, hukunjamana, husimamisha karibu kazi zote za uhai, na maji yanaporudi huyanywa, hukunjuka na kuendelea pale kilipoachia. Si vyote vilivyojaaliwa ustahimilivu sawa, kwa maana vile vinavyokaa juu ya matawi ya nje, penye jua na upepo, huweza kungoja muda mrefu, ilhali vile vilivyozoea kivuli na unyevu wa daima hufa kiangazi kikikaza. Miongoni mwa hepatiki wamo wale wa jenasi ya Frullania, wenye rangi ya hudhurungi iliyoiva, ambao upande wa chini wa kila jani lao kuna kijifuko kilichobinuka, kidogo hata hakitambulikani sawasawa bila ya kioo cha kukuzia, kinachohifadhi maji baada ya jani kuanza kukauka. Na ndani ya maji hayo huweza kuishi vijidudu ambavyo ulimwengu wao wote ni kijifuko hicho. Nimevitazama vijifuko hivyo mara nyingi, na kila mara nimeona haya kwamba nilikuwa nimepita mbele ya miti iliyojaa ustadi wa namna hiyo nikidhani kuwa ni uchafu wa gome.

Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria aliyewahi kufundisha Morogoro, alivipa viumbe hivi heshima ambayo wachache waliwahi kuvipa, yaani alivipima. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 yanaeleza kwamba mimea iotayo juu ya miti katika hektari moja ya ule msitu mfupi wa vileleni, ambamo vigoga na hepatiki wana nafasi ya mbele, ina uzito wa takriban tani 14 ikiwa imekaushwa, na katika msitu ulio chini yake ni kiasi cha tani 2 tu. Na kwamba mvua moja ikinyesha, mimea hiyo ya vileleni huweza kushika kiasi cha lita 50,000 za maji katika kila hektari. Maji yanayoshikwa hivyo hayaupigi udongo kwa kishindo. Yanayobaki hudondoka taratibu, ardhi ikapata nafasi ya kuyanywa, na mteremko ambao ungemomonyoka kwa mvua ya saa moja ukabaki mahali pake. Kutoka miteremko hiyo hushuka vijito vinavyokusanyika kuwa mto Ruvu, ambao humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, lakini si kabla ya mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kuyachota kwa ajili ya Dar es Salaam. Anayetia udhu alfajiri katika msikiti wa Kariakoo, na mzazi anayempeleka mtoto wake kubatizwa kanisani siku ya Jumapili, na mwenye kiwanda, na mama ntilie anayeosha sahani zake kando ya barabara, kwa kadiri moja au nyingine wote wanatumia maji yaliyopitia katika kimya cha vigoga vile. Je, wana deni?

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyefariki mwaka 65, angewajibu kwamba hawana. Yeye aliandika kitabu kirefu juu ya hisani na shukrani, na katika kitabu hicho alishika kwamba hisani ni nia kabla ya kuwa kitu; kwamba mtu aliyenidhuru akitaka kunidhuru hanidai shukrani hata kama madhara yake yamenigeukia kuwa manufaa; na kwamba hapana mtu anayesema ana deni kwa mto, hata ikiwa mto huo unabeba majahazi makubwa, kwa kuwa mto hautaki wala haukatai. Hoja hii ina nguvu, na mtu asiharakishe kuitupa. Tukianza kushukuru kila kinachotufaa bila kuuliza nia, tutakuwa tumemweka mwema aliyejinyima chakula chake kwa ajili yetu katika daraja moja na embe lililoanguka mbele ya miguu yetu, na hiyo ni dhuluma kwa yule mwema. Fauka ya hayo, kigoga hakimnywishi mtu maji: kinajinywisha chenyewe, na kinachozidi humwagika. Asili yake ni kushika maji kwa ajili ya uhai wake, na kwamba Dar es Salaam ipo kule chini ni jambo lisilokihusu.

Imam Ghazali, mtu wa Tus aliyefariki mwaka 1111, alifika mahali panapokaribiana na hapo kwa njia nyingine. Katika ule mlango wa kitabu chake cha Ihya unaohusu subira na shukrani, alitoa mfano wa mtu aliyetunukiwa na mfalme kwa hati iliyotiwa saini: mtu huyo, asema, hafurahii kalamu wala karatasi, wala haoni kuwa vina fadhila juu yake, kwa kuwa ajua vyote viwili vimetumishwa, na mwenye maarifa kamili hatamwona hata mweka hazina aliyemkabidhi fedha kuwa ni mtoaji, maana naye ameamriwa. Mtoaji ni mmoja. Jua, mwezi, mvua, ukungu, na vigoga bila shaka, vyote ni kalamu mkononi mwa Mwandishi, na anayeielekeza shukrani yake kwenye kalamu amekosea anwani.

Basi mmoja kwa njia ya nia na mwingine kwa njia ya tauhidi, wote wawili wanakinyima kigoga shukrani, na mimi nisiye mwanafalsafa wala imamu sina uwezo wa kuzivunja hoja zao, wala sitaki. Nakubali kwamba kigoga hakinidai. Lakini kutodaiwa na kitu hakumaanishi kuwa huru kukifanyia upendavyo, na hapo ndipo nionapo kwamba mfano wa hati ya mfalme haukusimuliwa mpaka mwisho wake. Mtu yule, akishaisoma hati na kumshukuru mfalme, huifanyaje ile karatasi? Haifungii vitumbua. Huikunja kwa uangalifu, huiweka mahali pasipofika panya, na wanawe huirithi baada yake. Si kwa sababu karatasi ilikusudia kitu, bali kwa sababu ina mwandiko wa aliyemkumbuka. Na lau angeichana mbele ya mjumbe na kuitupa jaani huku akimsifu mfalme kwa sauti kubwa, hapana aliyehudhuria ambaye angeziamini sifa zile.

Wala sidhani kwamba kwa kusema hivyo nimemwacha imamu. Naamini nimemfuata hatua chache mbele katika mlango uleule. Alifundisha kwamba shukrani ina sehemu tatu, yaani elimu ya kuijua neema na mwenye kuitoa, hali ya moyo inayotokana na elimu hiyo, na amali, ambayo ni kuitumia neema katika makusudio iliyoumbiwa. Na alipofika kwenye amali alisema neno ambalo ningetamani kila mwenye panga alisikie, kwamba anayevunja tawi la mti bila haja ya kweli na bila lengo lililo sahihi amekufuru neema mara mbili, katika kuumbwa kwa mti na katika kuumbwa kwa mkono uliouvunja. Hakusema kwamba mti utalalamika, wala kwamba una haki ya kumshtaki mtu. Alisema kwamba mti una mizizi na njia za maji na nguvu za kukua mpaka ufike ukomo wake, na kwamba kuukatiza njiani bila haja ni kwenda kinyume cha hikima iliyouweka hapo. Ikiwa tawi moja lina hadhi hiyo, sioni ni kwa hoja gani tutavinyima vigoga vinavyolifunika, ambavyo vina seli zake, vijifuko vyake, subira yake ya kiangazi, na vijidudu vinavyovitegemea kwa kila kitu.

Hata hivyo iko tahadhari ambayo lazima niiseme, kwa sababu wapenzi wa misitu wengi, na mimi ni mmoja wao, hupenda kuiruka. Zile lita 50,000 hazifiki zote mtoni. Maji yaliyoshikwa na vigoga yako wazi kwa upepo na jua, na sehemu yake hurudi angani kabla ya kugusa ardhi. Mvua ndogo huweza kuishia mitini yote pia. Wakati wa ukungu mambo hugeuka, kwa kuwa vigoga na matawi hukamata matone ambayo bila ya hivyo yangepita juu ya mlima na kwenda zake, na hapo huongeza maji ambayo kipimo cha mvua kilichowekwa uwandani hakiyajui. Hesabu ya faida na hasara basi hubadilika kwa majira, kwa upande wa mlima, na kwa nguvu ya upepo. Sasa, mtu aliyeijenga heshima yake kwa kigoga juu ya hesabu ya maji atafanya nini siku atakapoambiwa kwamba katika mteremko fulani, kwa mwaka fulani, vigoga vilikunywa kuliko vilivyotoa? Akiwa mkweli itampasa kuipunguza heshima yake kwa kadiri hiyo. Heshima inayopanda na kushuka kwa namna hiyo ni biashara, na biashara ni jambo halali lenye mahali pake, ila si shukrani.

Na kuna jambo jingine linaloitoa shukrani katika mizani ya biashara, nalo ni umri. Milima ya Uluguru ni sehemu ya lile Tao la Mashariki ambalo huanzia vilima vya Taita na kuishia Udzungwa, na misitu yake imeishi kwa ukungu wa bahari tangu zama ambazo hapakuwa na mtu wa kuzihesabu. Sultani Majid alipoanza kujijengea mji penye bandari ya salama, katika miaka ya 1860, vigoga vilikuwa vimeshashika na kuachia maji kwa mamilioni ya miaka bila ya kuwako bomba la kuyapokea. Neema hii basi haikuandikwa kwa jina letu. Tuliingia katika nyumba ambayo maji yake yalikuwa yametekwa zamani kwa ajili ya wengine, kwa samaki na ndege na miti na kwa makusudio ya Mola ambayo hatukuambiwa, tukakaribishwa kunywa pamoja nao. Na mgeni wa namna hii hupaswa kuwa na adabu kuliko aliyealikwa rasmi, kwa maana hana kadi ya kuonyesha akiulizwa. Ndipo nifikiriapo kwamba Seneca, aliposema hapana deni pasipo nia ya kumfaa mpokeaji, alisema kweli juu ya deni, lakini shukrani alikuwa ameifanya nyembamba mno.

Watu wa pwani na nyika yake hawakuwa wageni wa fikira hizi. Kabla ya mitambo na mabomba, Wazaramo walipopatwa na ukame walipeleka wajumbe mpaka Kolelo, penye pango katika milima hiyohiyo ya Uluguru, kuomba mvua kwa mujibu wa ibada yao, na hawakwenda mikono mitupu. Dini yangu hainiruhusu kuomba mvua kwa mwingine ghairi ya Muumba wa mvua, na sitaki kuipamba itikadi ambayo siishiki. Lakini sioni haya kukiri kwamba wazee wale walikuwa na elimu ile ambayo Ghazali aliifanya kuwa sehemu ya kwanza ya shukrani: walijua maji yao yanatoka wapi, na walikuwa tayari kutembea kwa miguu siku kadhaa kuiendea njia yake. Mkazi wa mjini leo, mwenye dini iliyo safi zaidi kwa maoni yake, akiulizwa maji yake yanatoka wapi atajibu kwamba yanatoka bombani, na yasipotoka atailaumu mamlaka ya maji, naye huenda ana haki ya kuilaumu. Ila itikadi yake haijamfikisha hata nusu ya njia ya Kolelo.

Nimesema kwa kirefu juu ya kisicho na nia. Yuko lakini mwenye nia katika habari hii, na ingekuwa aibu kuviheshimu vigoga na kumpita yeye. Chini ya mpaka wa hifadhi ya msitu wa Uluguru wanaishi Waluguru, ambao mashamba yao ni madogo, miteremko yao ni mikali, na watoto wao wanaongezeka katika ardhi isiyoongezeka. Kila mmoja wao anayeona msitu ule wenye udongo mweusi na unyevu wa daima, na asivuke mpaka kwa panga na moto, amejinyima kitu. Anajinyima kwa sababu zilizochanganyika, kama zilivyo sababu zetu sote: kwa hofu ya sheria, kwa mila ya ukoo, kwa kujua kwamba chemchemi yake mwenyewe itakauka. Lakini amejinyima, na kwake hoja ya Seneca haitukingi hata kidogo, na ya Ghazali pia haitukingi, kwa kuwa mafundisho ya dini yako wazi kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu.

Mwanzoni mwa karne hii mashirika ya CARE na WWF yalijaribu kuliweka jambo hili katika vitendo, yakawaendea wakulima wa Kibungo Juu, katika milima hiyohiyo, ili walipwe kwa kupanda miti na kutengeneza matuta yanayozuia udongo kuteremka mtoni, na miongoni mwa waliotakiwa kuchangia malipo hayo ilikuwa DAWASCO, iliyokuwa ikiwauzia maji watu wa Dar es Salaam. Nalisifu jaribio lile bila kusitasita, kwa kuwa lilimtambua mtu wa juu kuwa ni mshirika wa mtu wa chini. Ila malipo ya namna hiyo huwa na mkataba, na mkataba huwa na mwisho, ilhali mvua hunyesha kila masika na mteremko haupungui ukali wake. Anachostahili mkulima yule kutoka kwetu tunaokunywa ni kikubwa kuliko malipo na, kwa upande mwingine, ni chepesi kuliko malipo: kuulizwa rai yake mpaka unapopimwa upya, kupewa barabara inayopitika masika ili ndizi zake zisiozee kando ya njia, kununuliwa mazao yake sokoni kwa bei isiyomlazimisha kuitazama miti ya juu kwa jicho la njaa, na kuitwa kwa jina la mahali pake na watu wa mjini ambao kila siku wananawa nyuso zao kwa maji ya mlima wake.